Kisu cha Babu Kilitoka Vita Gani?

Zipo nyumba nyingi katika Arua na Koboko ambamo silaha moja ya kale imehifadhiwa kwa heshima. Pengine imeviringishwa kitambaa na kulazwa chini kabisa ya sanduku. Pengine imechomekwa katika paa la nyasi, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki. Ukiuliza utaambiwa kwamba ni kisu cha babu, na kwamba babu alirudi nacho kutoka vitani. Ukizidi kuuliza ni vita gani, majibu huanza kupishana. Mmoja husema Burma, wa pili husema Uhabeshi, na wa tatu huapa kwamba kilinyang'anywa Mjerumani. Mwenye kisu mwenyewe amekwisha kuzikwa siku nyingi.

Sisi ambao kazi yetu katika jeshi ni uhusiano na wananchi tumeulizwa swali hili mara nyingi katika wilaya za West Nile, wala hatuoni kwamba ni swali dogo. Miaka ya 1979 na 1980 maelfu ya watu wa sehemu hizi walikimbilia Sudan na Zaire, nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nyumba zilichomwa, masanduku yakaporwa, na vyeti vya kuachishwa jeshi, nishani na picha vikapotea pamoja nayo. Waliporudi miaka ya themanini, wengi hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba mzee wao aliwahi kuvaa sare. Ikiwa kimesalia kisu, basi kisu hicho ndicho shahidi pekee, na shahidi pekee hana budi kusikilizwa kwa makini.

ASKARI WA WEST NILE

Ili kukitambua kisu, yafaa kwanza tujue wazee wetu walipita wapi.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki na Emin Pasha kule Kavalli, kando ya Ziwa Albert, akawaingiza katika utumishi wa Waingereza nchini Uganda. Wazao wao ndio Wanubi tunaoishi nao Arua, Bombo na kwingineko. Mwaka 1902 vikosi vya Uganda, Kenya na Nyasaland viliunganishwa kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee walifupisha jina lake wakaliita Keya. Kikosi cha nne kilikuwa cha Uganda.

West Nile yenyewe iliingia Uganda baadaye. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishwa mwaka 1894. Baada ya kifo chake Lado ilirudishwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa katika Uganda, Arua ikawa makao ya wilaya. Tangu hapo vijana wa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi walianza kuandikwa jeshini kwa wingi.

Vita walivyoviona ni vitatu. Cha kwanza ni Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo Keya walimfukuza Jenerali von Lettow-Vorbeck katika Tanganyika na Msumbiji hadi aliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Cha pili ni Vita vya Pili vya Dunia. Humo Waganda wapatao 77,000 waliandikwa, kwanza dhidi ya Mtaliano katika Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, kisha dhidi ya Mjapani katika Burma. Vikosi vya 4, 34 na 44 vya Uganda vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Kuanzia Agosti 1944, mvua za masika ya Asia zikinyesha bila kukoma, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw kutoka Tamu hadi Kalemyo, na mwanzoni mwa Desemba ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Cha tatu ni vita vya Mau Mau nchini Kenya, vilivyoanza mwaka 1952, ambako kikosi cha nne kilipelekwa pia.

Kila vita kilikuwa na visu vyake.

KILA ADUI NA KISU CHAKE

Silaha nyingi tunazoonyeshwa si visu vya kawaida bali ni singe, ambayo wengine huiita beneti, yaani kisu kinachovikwa mdomoni mwa bunduki. Dalili yake ni pete ya chuma penye kikingio cha mkono, na mfuo au tundu lenye kufuli ndogo kwenye kitako cha mpini. Kisu kisicho na mambo hayo mawili hakikuwa cha bunduki.

Singe ya Mjerumani ya vita vya kwanza hujulisha asili yake upesi. Ile ya zamani, ya bunduki za Mauser za mwaka 1871 zilizokuwa zikitoa moshi mzito, ina mpini wa shaba ya manjano. Ile ya baadaye ina bapa linalopanuka kuelekea ncha, mithili ya kisu cha bucha. Ukiifuta mgongoni, karibu na mpini, waweza kuona taji dogo, herufi W na tarakimu mbili za mwaka. W hiyo ni ya Kaisari Wilhelm.

Ya Mtaliano ni fupi. Bapa lake ni kama sentimita 30, na karibu na mpini hugongwa nambari ya mfululizo. Iko na nyingine, ya bunduki ya mwaka 1938, ambayo bapa lake hukunjwa kama kisu cha mfukoni.

Ya Mjapani huitwa ya aina ya 30, kwa sababu ilianzishwa mwaka wa thelathini wa enzi ya Meiji, yaani 1897. Bapa lake ni sentimita 40, na mara nyingi kikingio chake kina ncha iliyopindwa kama ndoana. Haina maandishi mengi. Penye shina la bapa huwa na alama ya kiwanda tu, kwa mfano duara zilizofungamana za kiwanda cha Kokura.

Kukri, kisu kilichopinda cha Wagurkha wa Nepal, nacho huonekana mara moja moja. Wagurkha walikuwa katika Jeshi la 14 la Jenerali Slim pamoja na askari wetu. Kukri ya jeshi ina alama za serikali na mwaka. Isiyo na alama yoyote huenda ilinunuliwa sokoni.

Panga nalo lisidharauliwe. Katika misitu ya Burma panga lilikuwa chombo cha kazi kila siku, la kufyekea njia na kujengea vibanda. Lililotolewa na jeshi lina mshale wa serikali na mwaka, na mara nyingi jina la Martindale wa Birmingham. Lakini kampuni hiyo hiyo, yenye nembo ya mamba, iliwauzia wakulima wa Afrika Mashariki mapanga mengi, kwa hiyo mamba bila mshale ni panga la dukani.

Mwisho ni singe za Waingereza, ambazo ndizo nyingi kupita zote. Ile ndefu ya mwaka 1907 tutaieleza hapa chini. Ile iliyo kama msumari mnene wa sentimita 20, isiyo na makali, ni ya bunduki namba 4 iliyoenea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Na ile fupi yenye bapa pana na pete kubwa isiyo ya kawaida ni ya bunduki namba 5, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1944 na kutumiwa sana na Keya katika misitu ya Kenya. Visu kadhaa vinavyoitwa vya Burma ni vya aina hii, na mahali pake pa haki ni Nyeri na milima ya Aberdare.

JINSI YA KUSOMA CHUMA

Mtu asiye na elimu ya silaha aweza kufanya uchunguzi wa kwanza mwenyewe. Achukue rula, penseli, karatasi nyembamba na, kama kipo, kioo cha kukuzia.

Kwanza apime. Urefu wa bapa peke yake, kutoka kikingio hadi ncha, na urefu wote pamoja na mpini. Tofauti ya sentimita tatu yaweza kutenga nchi mbili.

Pili atafute maandishi. Mengi huwa penye shina la bapa, pande zote mbili. Mengine huwa mgongoni, kwenye kikingio, kwenye kitako cha mpini na kwenye chuma cha ala. Akiweka karatasi juu ya alama na kuisugua taratibu kwa penseli, hata herufi ambazo jicho halizioni hujitokeza.

Tatu asome mshale. Mshale mpana wenye mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mshale wenye herufi I chini yake ni wa India. Mshale ndani ya herufi U ni wa Afrika Kusini, na ndani ya herufi C ni wa Kanada. Mishale miwili iliyoelekeana ncha kwa ncha ina maana kwamba chombo kilitolewa katika utumishi na kuuzwa kihalali.

Nne atazame kama kuna kazi ya mikono ya mwenyewe: nambari zilizokwaruzwa, herufi za jina, alama ya ukoo, mpini uliobadilishwa na mhunzi wa kijijini. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa hudhani kwamba mikwaruzo ni uchafu.

Ikiwa bapa halina herufi hata moja, lina alama za nyundo na unene usiolingana, huenda halikutoka kiwandani kabisa. Wahunzi wa sehemu zetu walifua visu vizuri kabla ya Mzungu kufika. Na kisu kifupi chenye ala ya ngozi na mkanda wa kufungwa juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto ni cha desturi ya Sudan, ambacho chaweza kuwa cha mzee wa Kinubi aliyekuwa askari, bila kuwa silaha aliyopewa na jeshi.

KISU KIMOJA CHA KOBOKO

Tutoe mfano wa familia moja ya Koboko, ambayo jina lake tunalistahi kwa kutolitaja. Familia hii ilikuwa na silaha ndefu isiyo na ala. Wajukuu waliamini kwamba ni upanga wa ofisa wa Kijapani, ambaye babu yao alimwua kwa mkono wake huko Burma. Mfanyabiashara mmoja alikwisha kuahidi kuununua kwa bei ya upanga wa Kijapani, na mjukuu mkubwa alikuwa tayari kuuza ili alipe karo za wadogo zake. Mdogo wake alikataa. Ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani.

Tuliipima mbele yao. Bapa lilikuwa sentimita 43, na urefu wote 55. Upande mmoja wa shina la bapa tulisoma taji, herufi GR, mwaka 1907, kisha tarakimu 5 na 17, na chini yake jina Sanderson. Upande wa pili palikuwa na mshale mpana na alama kama ya kuzidisha.

Maana yake haina utata. GR ni Mfalme George. Mwaka 1907 si mwaka wa kutengenezwa. Ni mwaka ambao muundo huo ulikubaliwa. Tarakimu 5 na 17 ni Mei 1917, mwezi na mwaka ambao silaha ile ilipita ukaguzi. Sanderson ni mtengenezaji wa Sheffield, Uingereza. Alama ya kuzidisha huonyesha kwamba bapa lilipindwa kwa majaribio na halikuvunjika. Pembeni palikuwa na tarakimu ndogo za mwaka mwingine, dalili kwamba singe ilirudishwa bohari, ikatengenezwa na kutolewa tena. Hiyo ndiyo singe ya Mwingereza iliyowekwa kwenye bunduki za Keya kwa miaka mingi. Haikuwa upanga, wala haikuwa ya Mjapani.

Mfanyabiashara alipopata habari hakurudi tena. Lakini jambo lililotuhuzunisha lilikuwa uso wa yule mjukuu mdogo, aliyekuwa amekitetea kisu. "Kwa hiyo babu alitudanganya," akasema.

Tulimwomba asihukumu mapema. Katika mti wa mpini, chini ya uchafu wa miaka mingi, tulikuwa tumeona tarakimu tano zilizochongwa kwa ncha ya kitu kikali. Tukauliza kama yuko bado mtu aliyemjua marehemu katika siku za vita. Tukaelekezwa kwa binti yake, shangazi ya baba wa vijana hao, bibi mwenye umri wa karibu miaka 90 aliyekuwa akikaa Arua.

Hatukumwonyesha singe mara moja. Tulimwuliza kwanza kama anakumbuka lolote kuhusu utumishi wa baba yake. Akajibu, "Mwanangu, namba yake naijua. Mama alikuwa hajui kuhesabu, kwa hiyo mimi ndiye niliyefundishwa. Tulikuwa tunatembea mpaka Arua kwa D.C. kupokea fedha aliyotuletea, na karani hakutoa hata senti moja kabla sijaitaja." Kisha akaitaja, tarakimu moja baada ya nyingine, kama mtoto anavyosoma darasani. Zilikuwa zile zile tano zilizomo katika mpini.

Tulipomwonyesha singe yenyewe, bibi aliishika kwa mikono miwili. "Alikuwa akisema, Mjapani naye alikuwa na kama hii," akatuambia.

Maneno hayo, ndugu msomaji, yana ukweli ambao wajukuu hawakuweza kuujua. Waingereza walipofupisha bunduki yao mwaka 1903, singe waliyokuwa nayo ilionekana kuwa fupi mno mbele ya adui mwenye bunduki ndefu. Wakatafuta mfano bora, wakaupata kwa Mjapani, ambaye alikuwa ametoka kumshinda Mrusi katika vita vya 1904 na 1905. Singe ya mwaka 1907 iliigwa kutoka katika ile ya Kijapani ya aina ya 30, na mwanzoni ilikuwa hata na ndoana yake, hadi ilipoondolewa mwaka 1913. Kwa hiyo askari wa Koboko na askari wa Japani walikutana katika bonde la Kabaw wakiwa na visu ndugu. Mzee alisema kweli tupu. Ni sisi, kizazi baada ya kizazi, tuliopunguza neno moja, "kama," na kuifanya hadithi kuwa nyingine.

Jinsi singe ilivyotoka bohari hadi Koboko bibi hakusema, nasi hatukumwuliza.

USHAHIDI NA MANENO

Twajifunza nini? Kwamba chuma na maneno ni mashahidi wawili, na kila mmoja hujua sehemu yake. Chuma chaweza kusema kilitengenezwa wapi na lini. Hakiwezi kusema nani alikibeba, wala alifanya nini nacho. Maneno ya wazee yaweza kusema hayo, lakini nayo hubadilika njiani.

Haifai pia kukubali kila neno kwa sababu ni la vita. Idi Amin Dada, aliyekuwa Rais wa Uganda kuanzia 1971 hadi 1979 na ambaye asili ya baba yake ni Koboko, alidai kwamba alipigana Burma. Kumbukumbu zaonyesha kwamba aliandikwa Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Ikiwa mtu mwenye cheo kile aliweza kujiongezea vita, hatuna budi kupima madai yote kwa kipimo kimoja, ya wakubwa na ya wadogo. Kipimo hicho hakimwaibishi askari wa kweli. Ndicho kinachomtenganisha na asiyekuwapo.

Wenye nishani wazitazame vile vile. Nishani ya fedha ya Waingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kawaida ina nambari, jina na kikosi cha askari vilivyogongwa ukingoni. Nyota za Vita vya Pili, pamoja na ile ya Burma, Keya walipewa bila majina, kwa hiyo nyota peke yake haisemi ilikuwa ya nani. Wanaowatafuta waliokufa bila kurudi waweza kupata majina katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Katika ukumbusho wa Rangoon ulioko makaburi ya Taukkyan, nchini Burma, yameandikwa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, na Waafrika wa Mashariki wamo. Madaftari ya kila siku ya vikosi vya Keya yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, jijini London.

NAMNA YA KUKITUNZA

Mwenye kisu cha kale asikitie msasa, tupa wala jiwe la kunolea. Kunoa mara moja kwaweza kufuta mwaka ambao familia imeutafuta kwa miaka arobaini. Asikipake limau ili kiondoke kutu, kwa maana limau hula kutu pamoja na herufi. Atumie kitambaa laini na mafuta mepesi ya mashine, kisha apanguse yasibaki mengi. Kisu na ala ya ngozi vitunzwe mbalimbali, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kulisha kutu. Ikiwa kisu kimekwama ndani ya ala, asikivute kwa nguvu.

Asibadilishe mpini uliopasuka. Huenda nambari iko humo.

Kisha na aandike. Karatasi moja yatosha: jina la mzee, kijiji chake, nambari yake ikijulikana, vipimo vya kisu, alama zote jinsi zilivyo, na maneno ya mzee kama yanavyokumbukwa, pamoja na jina la aliyeyasema na tarehe. Yale yaliyosomwa katika chuma yaandikwe mbali na yale yaliyosikiwa. Nakala moja ikae kwa jamaa mwingine, katika mji mwingine. Waliokimbia mwaka 1980 wanajua kwa nini.

Twaongeza onyo moja. Kisu au singe ni kitu cha kutunza nyumbani, lakini risasi, kombora la mkono au bunduki iliyofichwa pamoja nacho ni jambo jingine. Vitu hivyo visiguswe wala visisafishwe hata vikionekana vimekufa kwa kutu. Polisi waitwe mara moja.

Wale ndugu wawili wa Koboko waliandika karatasi yao wakiwa wamekaa mbele ya bibi yao, mkubwa akiandika na mdogo akisoma alama. Singe haikuuzwa. Karo zilitafutwa kwa kuuza tumbaku. Bibi alitaka jambo moja tu liongezwe chini ya nambari, nalo likaongezwa: kwamba tarakimu hizo tano zililisha watoto wanne kuanzia mwaka 1942 hadi baba yao aliporudi.